Biti ya Mtu Sumu, na Namna ya Kuinywa

Saa sita za usiku. Kifurushi cha usiku kimeshaingia, mama amelala, na wewe umejifunika shuka hadi kichwani ukitafuta mdundo wa kukutoa. Umeandika YouTube jina la msanii mkubwa unayemhusudu, ukaomba biti za aina yake, na sasa zimejipanga mbele yako kama samaki Feri alfajiri. Ya tatu kutoka juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya bure. Moyo umekuruka. Umeipakua. Hongera sana, mdogo wangu. Safari imeanza, na mimi niliyeipita njia hii kwa magoti nimejitolea kukushika mkono mpaka uanguke vizuri.

Jambo la kwanza ni kutosoma maandishi madogo yaliyo chini ya video. Yapo, na yanaudhi. Mara nyingi mwenye biti anaeleza hapo kwamba bure yake ni ya mazoezi, ya kuimbia chumbani na kuwarushia marafiki. Ukitaka kuiweka mahali inapoingiza hata shilingi moja, ukanunue leseni, na duka lake ni hili hapa. Wapo wanaoruhusu hadi biashara, ila wanataka jina lao liandikwe na fungu la mapato ya utunzi. Kila mmoja na masharti yake, kama waganga. Ukiyasoma utajua ulichopakua, na anayejua alichopakua hapati usingizi. Wewe lala.

Utasikia pia sauti ya mtu ikitaja jina kila baada ya mistari michache. Hiyo ni tegi. Kwenye nyimbo za Wasafi ukisikia Laizer akiitwa jina mwanzoni, ile ni sahihi ya fundi aliyeijenga kazi, na mashabiki wanaipenda. Kwenye biti ya bure tegi ina kazi nyingine: ni ule muhuri wa serikali, GOT, kwenye vidonge vya Bohari ya Dawa, unaomjulisha kila anayevikuta mtaani kwamba havikutoka dukani. Wenzako wameshagundua dawa yake. Wanaimba kwa nguvu zaidi pale tegi inapopita, au wanaweka mlio wa king'ora.

Wala usione haya, kwa sababu kwenye biti ya mtu ndiko tulikoanzia. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akaurapia Kiswahili, na kila anayeandika historia ya Bongo Fleva humtaja. Wachache huongeza kwamba Vanilla Ice naye besi ile hakuitunga. Ilikuwa ya "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa 1981, aliyoichukua bila kuomba, mpaka wakamalizana nje ya mahakama na majina ya wenyewe yakaandikwa kwenye wimbo. Yaani moja ya rapu za mwanzo kabisa za Kiswahili ilizaliwa kwenye chumba cha kuazima, na aliyekiazimisha naye alikuwa ameingilia dirishani.

Tofauti ni kwamba enzi hizo kaseti ingeweza kutoka Dar ikafika Morogoro, ikachakaa, ikafungiwa kalamu na kurudishwa nyuma mara mia, na Marekani hakuna aliyejua. Leo jirani yako mpya ni mashine.

Nakusikia: "Mwenye biti yuko huko Ulaya, atanijulia wapi?" Swali zuri, na linaulizwa kila siku studio, kwa kawaida na mtu aliyeishika soda mkononi kwa kujiamini. Kuna mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Berne, Uswisi, mwaka 1886, wa kulinda kazi za watunzi nje ya mipaka ya nchi zao. Kenya iliingia 1993, Tanzania 1994. Kwa mkataba huo, biti aliyoitengeneza kijana wa miaka 19 chumbani kwao Uholanzi inalindwa Manzese kama inavyolindwa biti ya kijana wa Manzese, na hahitaji kuisajili popote. Hata huku kwetu haki inazaliwa siku kazi inapozaliwa. Cheti cha COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kinakusaidia kuthibitisha. Hakikuzalii haki ambayo hukuwa nayo. Ukienda kusajili wimbo wenye biti ya mtu, umekwenda na ng'ombe wa jirani kumwombea kibali cha mnada.

Sasa njoo kwenye ujanja wa mtaani. Wa kwanza unasema ukiipandisha biti sauti kidogo na kuiongeza kasi, inakuwa yako. Wa pili unasema sekunde saba za wimbo wowote ni halali. Wengine wanasema kumi, wengine nne. Sheria yetu Na. 7 ya 1999 haina namba hiyo hata moja, labda hiyo saba ya mbele iliwachanganya. Wa tatu ndio ninaoupenda: unaweka wimbo mtandaoni na chini unaandika kwamba muziki si wako, haki zote ni za mwenyewe, hukukusudia kumkosea mtu. Ni kuingia nyumba ya watu usiku wa manane umevaa fulana iliyoandikwa "Sikusudii kuiba". Wakikukamata, fulana yenyewe ndiyo kielelezo namba moja.

Usidhani natania kuhusu kielelezo. Mwaka huohuo wa 1991, kule New York, rapa Biz Markie alishtakiwa kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan. Watu wake walikuwa wameandika kuomba ruhusa, hawakuipata, wakatoa wimbo hivyohivyo. Barua ile ya kuomba ikawa ushahidi kwamba walijua kuna wa kuombwa. Jaji alifungua hukumu yake kwa amri ya Mungu, usiibe, akaamuru kazi isimame kuuzwa, na faili akalielekeza kwa waendesha mashtaka ya jinai. Tangu hapo kampuni za Marekani zikawa zinaajiri watu wa kusafisha vipande vya nyimbo kabla ya albamu kutoka. Sisi tunao watu wa kusafisha nyota.

Siku dhamiri ikikuzidi utanunua leseni. Hapa kaa vizuri, ndipo penye utamu.

Kwenye masoko ya biti, na BeatStars ndilo linalotajwa zaidi, biti moja huuzwa kwa bei nne au tano. Ngazi ya chini, dola ishirini au thelathini hivi, unapewa faili la MP3. Ukiongeza unapata WAV, ambalo sauti yake haijabanwa. Ukiongeza tena unapewa biti ikiwa imechambuliwa vipandevipande, ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, ili fundi wako aichanganye na sauti yako bila vita. Juu kabisa kuna ya kipekee, ambayo kwa kawaida inahesabiwa kwa mamia ya dola. Wewe azima kadi ya shemeji, chukua ya chini, kisha utangaze mtaani kwamba umenunua biti.

Hujanunua biti. Umepanga. Tena si kule kupanga unakokujua, kwa mzee wa Sinza anayetaka kodi ya miezi sita mkononi na kukusomea sheria za choo. Hapa chumba ni kimoja, wapangaji mia mbili, kila mmoja ana ufunguo, na kila mmoja ameshampigia mama yake kijijini kwamba amejenga. Yumo rapa wa Atlanta, yumo dada wa Manila anayelia mapenzi, yumo mwenzako wa Tandika ambaye hamjuani. Wote wana haki sawa na wewe. Mkataba wa chumba hicho una ukomo: wimbo usikilizwe mara ngapi mitandaoni, video ngapi, upigwe redioni au usipigwe, ulipwe kwenye shoo au usilipwe, kwa miaka mingapi. Upo unaosema ukifika mara elfu hamsini urudi ulipie ngazi ya juu, upo unaosema laki moja. Kwa kasi yako ya sasa, mdogo wangu, laki moja utaifikia ukiwa na wajukuu, ndiyo maana nakwambia usihangaike kusoma.

Hata hiyo ya kipekee ina mlango wa nyuma. Mwenye biti akikuuzia, anaacha kuwapangisha wengine kuanzia siku hiyo. Waliokwisha kupanga kabla yako kwa kawaida hubaki humo mpaka mikataba yao iishe. Na mara nyingi yeye anaendelea kuhesabiwa mtunzi mwenza, nusu ya mapato ya utunzi ikawa yake, kwa hoja kwamba maneno ni yako na muziki ni wake. Watu hulalamika kwamba ni wizi. Mimi naona ni hesabu tu, ila ni hesabu inayotaka kusomwa kabla ya kulipa, na sisi ni watu wa kusoma baada.

Hapo kwenye utunzi wengi hupotea, na wenye akili kuliko wewe wamepotea. Wimbo mmoja una hati mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: tuni, maneno, mpangilio wa muziki, vitu ambavyo hata ukipiga mluzi bado vipo. Ya pili ni ya rekodi: ile sauti yenyewe iliyonaswa siku ile, kwenye studio ile. Fikiria kiwanja na nyumba iliyojengwa juu yake. Mwenye nyumba anaweza kukukaribisha sebuleni kwa mikono miwili, na bado mwenye kiwanja akaja na tingatinga. Waulize The Verve wa Uingereza. Mwaka 1997 walitoa "Bitter Sweet Symphony" juu ya kipande cha okestra kilichorekodiwa kutokana na wimbo wa Rolling Stones. Ruhusa ya rekodi walikuwa nayo. Ya utunzi ikawaponyoka, na wimbo wao mkubwa kuliko zote ukaandikwa majina ya Mick Jagger na Keith Richards, mapato ya utunzi yakaenda huko. Haki zilimrudia mwimbaji wao, Richard Ashcroft, mwaka 2019. Hesabu mwenyewe: miaka 22. Mtoto aliyezaliwa wimbo ukitoka alikuwa ameshamaliza chuo na anatafuta ajira.

Tumshukuru Mungu wewe huna wimbo mkubwa.

Swali ambalo kamwe usimuulize mwenye biti ni hili: "Hii sauti umeitoa wapi?" Ukimuuliza atakujibu, na ukijibiwa utakuwa umejua. Kijana mmoja wa Georgia, Marekani, aliyejiita Lil Nas X hakuuliza. Mwaka 2018 alikuta YouTube biti ya YoungKio, kijana wa Kiholanzi, akailipia dola 30 akaiimbia habari za farasi. Banjo iliyokuwa inalia mle ndani ilikuwa imenyofolewa kutoka "34 Ghosts IV" ya kundi la Nine Inch Nails, iliyotoka 2008. Kazi ile ilikuwa imetolewa kwa leseni ya wazi, mtu yeyote aicheze, aichezee, aigawe, kwa sharti kwamba asifanye biashara nayo. Wimbo ule wa farasi, "Old Town Road", ulipoanza kupanda ndipo watu wakakumbuka hawajaomba ruhusa, wakampigia Trent Reznor wa Nine Inch Nails na watu wake kwa kihoro. Wimbo ulikaa namba moja ya Billboard Hot 100 kwa wiki 19 mwaka 2019, na Reznor na mwenzake Atticus Ross wameandikwa humo kama watunzi na maprodyuza. Mambo yalikwisha kwa amani, kwa sababu Reznor ni mwungwana na mezani kulikuwa na pesa ya kumtosha kila mtu. Kwa hiyo ukifuata njia hii, hakikisha aliyeibiwa ni mwungwana. Utamjuaje? Hapo sina la kukushauri.

Umeona kinachojirudia? Queen, Rolling Stones, Nine Inch Nails: hakuna aliyebisha hodi kwenye wimbo uliolala. Makaratasi hulala wimbo ukilala na huamka wimbo ukiamka. Nimeishi kwenye muziki miaka ya kutosha kukuhakikishia kwamba kinga madhubuti ya msanii asiye na mkataba ni wimbo mbaya. Wimbo uliosikilizwa mara 312, kati ya hizo mia mbili ni dada yako, hauna mwanasheria duniani atakayeutafuta. Ukitaka kukwepa gharama za leseni kwa maisha yako yote, imba vibaya, na usilegeze hata siku moja. Hatari ni ile siku unapojisahau ukatoa kitu kizuri.

Sasa tuseme biti za mtandaoni umezikataa, wewe ni mzalendo, unakwenda kwa prodyuza wa mtaani kwenu. Studio ni chumba kimoja, kuta zimepigiliwa magodoro na trei za mayai, feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki, na mmekaa humo watu tisa. Mazungumzo ya kisheria huwa mafupi.

"Kaka, hii biti inakuwaje? Nikupe ngapi?"

"We ingiza sauti kwanza, mdogo wangu. Hela ya studio umeleta?"

"Nimeleta elfu hamsini."

"Basi. Mengine tutaelewana. Ukitoka, tumetoka wote."

Hiyo elfu hamsini ni ya nini? Ya saa za studio? Ya biti? Ya kuchanganya sauti? Ya umeme? Hakuna ajuaye, na uzuri wa "tutaelewana" ni huo: kila mmoja anaondoka na mkataba wake kichwani. Kichwani kwako umenunua biti. Kichwani kwake amekukodisha maiki. Kwa majirani zetu, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema uhamisho wa hakimiliki na leseni ya kipekee lazima viwe kwenye maandishi yenye saini. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao prodyuza anasema "poa, poa" huku anakula, haujafika huko. Na muamala wa simu unaonyesha kwamba fulani alimpa fulani pesa, kama zinavyotolewa pesa za rambirambi.

Nina ushahidi wa kutosha, maana ni mimi. Zamani kidogo nilitoa wimbo, nisiutaje, unaosifia bia ya baridi Jumapili mchana na dada anayeihudumia. Biti aliitengeneza fundi mmoja ninayemheshimu mpaka leo, kwa makubaliano ya aina hiyohiyo ya kuelewana. Tulikwenda mbali zaidi ya wengi: tuliandika. Tuliandika kwenye karatasi iliyokuja na chipsi mayai, tukaweka saini, na mafuta yakasambaa pale palipoandikwa kiasi. Miezi minne baadaye nimealikwa harusini. Ukumbi umejaa, shampeni bandia inafunguliwa, MC anaita shangwe, DJ anapiga wimbo wangu. Nikasimama kidogo nionekane. Sijamaliza kusimama DJ akaunganisha na wimbo mwingine, na sikusikia kiungo. Ngoma ni ileile, kinanda kilekile, hata ile filimbi niliyomwelekeza mwenyewe kwa mdomo. Ila sasa dada mwenye sauti ya mbinguni anamshukuru Bwana kwa kumvusha jangwani. DJ alipoona ukumbi umekolea akaanza kurudi kwangu, akaenda kwake, akarudi kwangu. Mama mmoja wa kwaya aliinua mikono juu, macho amefumba, machozi yanamtoka, na ulikuwa ni ubeti wangu wa bia.

Jumatatu nilikwenda studio na ile karatasi. Fundi aliisoma upande mmoja, akaigeuza, akainusa. Akaniuliza swali moja kwa upole: "Hapa tumeandika wapi kwamba nisimpe mwingine?"

Hatukuandika popote. Alikuwa hajavunja chochote. Akaniagizia soda.

Tuendelee, wimbo umeshakamilika, unataka kuupandisha Boomplay, Audiomack, Spotify na kwingineko. Unafungua akaunti kwa kampuni ya usambazaji, na mbele yako kuna visanduku vya kuweka tiki. Je, wewe ndiye mmiliki wa rekodi hii? Tiki. Je, muziki umetungwa na wewe? Tiki. Je, kuna kazi ya mtu mwingine ndani yake? Usisome, tiki iko karibu. Kisha kinakuja kisanduku cha mwisho, kinachoahidi kwamba kila video ya YouTube itakayotumia wimbo wako itakutafutia senti. Hapo wengi hutabasamu wakabofya kwa vidole viwili.

Ile ndiyo mashine niliyokwambia ni jirani yako mpya. YouTube waliianzisha 2007, inaitwa Content ID, na inachojua ni kufananisha sauti na picha. Ukiipa wimbo wako inaumeza wote, biti ikiwemo, na kuanzia hapo inaamini biti ile ni yako. Itamkamata rapa wa Atlanta. Itamkamata dada wa Manila. Itamkamata hata mwenye biti mwenyewe, kwenye chaneli yake mwenyewe: mpangaji umemfikisha polisi mwenye nyumba kwa kosa la kukaa kwake. Ndiyo maana leseni nyingi zisizo za kipekee zinakataza waziwazi kuusajili wimbo huko. Katazo limeandikwa kwenye ule mkataba tuliokubaliana usiusome. Nawe usicheke sana, kwa sababu katika wapangaji mia mbili atakuwepo mwingine asiyesoma, na akitangulia kubofya, wimbo wako ndio utakaopigwa kufuli asubuhi ya siku uliyouahidi mtaa mzima.

Hata mwenye biti halali anaweza kukumbwa. Maprodyuza wengi hutumia milio iliyotengenezwa tayari, inayouzwa au kutolewa pamoja na programu za kutengenezea muziki, na kila mwenye programu hiyo anaruhusiwa kuitumia. Ngoma za "Umbrella" wa Rihanna, 2007, ni mlio wa namna hiyo uliokuja ndani ya GarageBand ya Apple. Ulikuwa unamngoja mtu yeyote mwenye kompyuta ile, hata wewe. Kisheria hakuna kosa. Lakini mashine ikisikia mlio mmoja kwenye nyimbo elfu, haijui nani ni nani, na utalazimika kuonyesha leseni yako. Iko wapi? Ilikuwa kwenye simu. Simu iko wapi? Iliondoka na kijana wa bodaboda Kariakoo.

Kwaya na waimbaji wa injili nawaonea huruma zaidi, kwa sababu wao hununua pleibeki kwa mpiga kinanda kwa nia njema kabisa, wanaimba Jumapili, na hakuna anayewaambia kwamba kuimba kanisani na kuuza video ni ruhusa mbili tofauti. Lakini hilo waachie maaskofu.

Kinachouma hakiji mahakamani. Mahakama ni ya matajiri wanaogombana. Kinachouma kinakuja kwa simu, mchana, kwa sauti nzuri ya dada wa wakala wa matangazo. Kampuni fulani imeupenda wimbo wako, inautaka kwenye tangazo la televisheni, kiasi anachokitaja kinakufanya ukae chini. Kisha anauliza, kwa adabu zote: "Haki zote ziko kwako, kaka? Tunaomba mikataba ya prodyuza kwa barua pepe kabla ya saa kumi." Leseni ya dola 30 mara nyingi hairuhusu tangazo wala filamu; hayo yana ruhusa yake na bei yake. Unampigia mwenye biti Ulaya, kwake ni usiku au hapokei. Unampigia prodyuza wa mtaani, anakumbuka ghafla kwamba "tumetoka wote", na fungu lake limekua tangu mlipoongea mara ya mwisho. Saa kumi inafika. Dada wa wakala hana ugomvi na mtu, ana orodha ya nyimbo kumi, na yako ilikuwa ya kwanza.

Mimi simu hiyo niliipata. Ilikuwa kampuni ya bia.

Siku hizi natembea na ukurasa mmoja uliochapwa, nakala mbili, na kalamu ya wino, na ninautoa kabla ya maiki kuwashwa, wakati bado ni ndugu. Una majina yetu kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, jina la biti na tarehe, kiasi nilicholipa na nilicholipia, kama ni ya kwangu pekee au atawapa na wengine, nani anamiliki rekodi, utunzi tunagawana vipi kwa asilimia, matangazo na filamu anaamua nani, na mstari mmoja ambao maprodyuza huutazama kwa muda mrefu: kwamba hakuna ndani yake kazi ya mtu mwingine ambayo haijaombwa. Kuna aliyesaini bila neno. Kuna aliyeniambia nimekuwa Mzungu. Mmoja aliufika mstari ule wa mwisho, akakuna kichwa, akaifungua kompyuta akabadilisha kinanda.

Kwa hiyo wimbo wako kama bado haujatoka, mtumie mwenye biti ujumbe leo, kwa maandishi, umuulize unaruhusiwa nini na kwa bei gani, na jibu lake ulihifadhi mahali pasipoibiwa Kariakoo. Asipojibu ndani ya wiki, tafuta biti nyingine. Zipo nyingi kuliko waimbaji.

Na dada yangu wa injili, popote ulipo: wimbo wako ni mzuri kuliko wangu, nimekubali. Lakini wale jamaa wa bia wakikupigia wakidhani biti ni yako, naomba uwape namba yangu.